Sanadi ya Ngege

Mtu akifika ufuo wa Dunga, kilomita chache tu kutoka katikati ya mji wa Kisumu, wakati mitumbwi inaporudi kutoka kuvua katika ghuba ya Winam, akamwuliza mvuvi jina la samaki aliye mbele yake, atajibiwa kwa neno moja, ngege, au mbuta, au omena, au kamongo, na neno hilo litamtosheleza yeye, na mvuvi, na mama aliyesimama na beseni lake akingoja kununua. Lakini samaki huyohuyo akipelekwa kwa wataalamu wa viumbe vya majini, jina lake hurefuka, likapata mkia wenye jina la mtu na mwaka, na mkia huo, ambao wengi wetu huuruka tunapousoma, ndio niliokusudia kuuzungumzia leo, kwani ndani yake imo hoja yangu yote mintarafu ya marejeleo na namna vyuo vyetu na majarida yetu yanavyoyashughulikia.

Omena, dagaa wa rangi ya fedha ambaye hakuna jiko la ziwani lisilomjua, huandikwa Rastrineobola argentea (Pellegrin, 1904), na kamongo huandikwa Protopterus aethiopicus Heckel, 1851. Msomaji makini ataona kwamba Pellegrin ametiwa katika mabano na Heckel ameachwa wazi, na yamkini atadhani kuwa ni kosa la mpiga chapa, sivyo. Mabano yale yanashuhudia kwamba mtu wa kwanza kumweleza samaki yule alimtia katika jenasi nyingine, na waliokuja baada yake wakamhamisha, ilhali kamongo hajatoka katika jenasi aliyowekwa mwaka 1851. Alama mbili, kila moja mfano wa mwezi mwandamo, zimebeba habari ya zaidi ya miaka mia moja, na mwenye kuifahamu lugha yake huweza kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka amfikie shahidi wa kwanza.

Ngege ndiye anayenigusa moyo zaidi. Yeye ni Oreochromis esculentus (Graham, 1928), na Graham huyo ni Michael Graham, Mwingereza aliyetumwa kuuchunguza uvuvi wa ziwa letu katika mwaka 1927 na 1928, akatoa taarifa yake mwaka 1929, na ndani yake akapendekeza kwamba matundu ya nyavu yasipungue inchi 5, ili samaki wachanga wapate kukua na kuzaa kabla hawajanaswa. Maana nyavu za kutega za kizungu zilikwisha kuingia ghubani tangu 1905, na ngege alikuwa ameanza kuadimika. Leo ngege yule wa asili amekaribia kutoweka katika ziwa kuu, na anayetaka kumwona aghalabu hana budi aende kwenye maziwa madogo kama Kanyaboli, kule Siaya, ndani ya mafunjo ya Yala. Ngege anayeuzwa katika soko la Kibuye mara nyingi ni mwingine kabisa, Oreochromis niloticus, mgeni aliyeletwa katika karne iliyopita akarithi jina la mwenyeji. Neno limehama, limepata mwenyewe mpya, na vijana wetu wanalitumia bila ya kujua kwamba limehama. Mkia ule wa Graham na mwaka wake haukuhama, na lau si huo tungalikuwa tumempoteza samaki na kumbukumbu yake pamoja.

Nilipokuwa mtoto chuoni kule pwani, miaka mingi kabla sijaja Kisumu kufundisha, mwalimu wangu hakukubali mtu aseme "imesemwa" pasina kusema imesemwa na nani. Alitufunza kwamba hadithi ina viungo viwili, matini, ambayo ni maneno yenyewe, na sanadi, ambayo ni silisila ya watu walioyapokea maneno hayo, fulani kutoka kwa fulani kutoka kwa fulani. Na kwamba maulamaa kama Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870, walizunguka nchi na nchi kutafuta, si maneno peke yake, bali na hali za wapokezi wake: nani alikuwa mkweli, nani alisahau uzeeni, na je, wawili hawa wanaodaiwa kupokezana walipata kuonana katika uhai wao? Taaluma nzima ilijengwa juu ya maswali hayo. Na katika yote niliyosomeshwa sikusikia kwamba mpokezi alikataliwa kwa sababu ya rangi ya kilemba chake.

Nayasema haya kwa sababu ya jambo lililonifikia nyumbani mwaka jana. Binti mmoja, mwanafunzi wa uzamili, ambaye nilimfundisha akiwa mdogo, alinijia na karatasi mkononi, akasema, "Mwalimu, wamenirudishia." Alikuwa ameandika makala juu ya namna wavuvi wa omena wanavyousoma upepo na giza la mwezi kabla ya kushusha taa zao majini, kazi ya miezi mingi, nyingine ameifanya usiku ndani ya mtumbwi, na jarida alilolipelekea, ambalo sina haja ya kulitaja, lilimrejeshea muswada katika muda wa siku chache bila ya kumpa mhakiki yeyote ausome. Barua ya mhariri haikugusa hoja yake hata moja. Ilisema kwamba majina ya majarida hayakuandikwa kwa herufi za mlazo, kwamba nukta zimekosekana baada ya herufi za majina ya waandishi, kwamba nambari ya toleo ilitakiwa iwe ndani ya mabano na ya mfululizo iwe nje, na kwamba mzee mmoja wa Mbita, ambaye binti huyu alimweka katika orodha ya marejeleo kwa jina lake, na ufuo wake, na tarehe waliyozungumza, aondolewe humo, kwa kuwa orodha ni ya machapisho.

Mzee huyo ndiye aliyemfundisha. Vitabu vyote vilivyobaki katika ile orodha vilimpa istilahi. Mzee alimpa ilimu.

Sitaki nieleweke kana kwamba naidharau kaida. Mtu anayeorodhesha vyanzo vyake ovyo, huku ameandika mwaka na kule ameusahau, huku jina kamili na kule nusu, humtesa msomaji, na mara nyingi uzembe wa mkono ni dalili ya uzembe wa akili. Hata mashine zinazosoma marejeleo na kuyaunganisha, ambazo leo ndizo zinazomwezesha mtafiti wa Bondo kujua nani kainukuu kazi yake kule Bergen au Dar es Salaam, hufanya kazi vyema zaidi zikilishwa marejeleo yaliyopangika. Ninalolipinga ni kule kuisahau sababu ya kaida, mpaka ikawa kaida inailinda nafsi yake, na kile kilichokuwa kilindwe kinaachwa nje mlangoni.

Tena kaida hizi zilizaliwa kwa unyenyekevu mkubwa. Ule mtindo wa kuandika jina na mwaka ndani ya mabano, unaoitwa wa Harvard, huhusishwa na Edward Laurens Mark, mtaalamu wa wanyama wa chuo hicho, aliyeutumia mwaka 1881 katika makala yake juu ya koa, kwa sababu tu ulimrahisishia kazi msomaji. Mtindo wa nambari unaotumiwa na matabibu, uitwao wa Vancouver, ulitokana na kikao cha wahariri wachache wa majarida ya utabibu waliokutana katika mji huo wa Kanada mwaka 1978, na kusudi lao, lisomeke vizuri kusudi hilo, lilikuwa kumpunguzia mwandishi taabu ya kuuandika upya muswada wake kila anapobadilisha jarida. Na ule wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, ambao herufi zake APA zimekuwa kama kiapo katika vyuo vyetu, ulianza mwaka 1929 kama mwongozo wa kurasa 7 ndani ya jarida. Toleo lake la saba, la mwaka 2019, lina zaidi ya kurasa 400.

Katika toleo hilo la saba limo badiliko moja ambalo wengi walilifurahia, kwa kuwa limepunguza kazi, nami nililipokea kwa huzuni: mahali kitabu kilipochapishiwa hapatajwi tena. Kwa wachapishaji wa London na New York, ambao kila mtu anawajua, hapana hasara. Lakini fikiria habari ya marehemu Profesa Bethwell Allan Ogot, mzaliwa wa Gem, aliyesoma Maseno, na Makerere, na St Andrews, na London, akarejea akatumikia vyuo vyetu, na katika uzee wake akavitoa vitabu vyake hapahapa mjini kwa jina la Anyange Press, kikiwamo kile kikubwa cha mwaka 2009 kuhusu historia ya watu wanaosema Kiluo katika Afrika ya Mashariki. Zamani rejeleo la kitabu hicho liliandikwa "Kisumu: Anyange Press", na msomaji wa Tokyo au wa Accra akajua kwamba kuna mji ukingoni mwa ziwa ambamo vitabu vya ilimu vinachapishwa. Sasa Kisumu imefutwa. Haikufutwa kwa chuki. Imefutwa na watu ambao hawakupata sababu ya kuifikiria, nasi tumeupokea uamuzi wao kana kwamba umeshuka kutoka mbinguni, bila ya hata kikao kimoja cha wahariri wetu kuuliza kama unatufaa.

Na gharama ya utiifu huu haikuanza kwetu. Mwaka 2019 watafiti wa Kanada walichapisha katika jarida la PLOS ONE matokeo ya kuwauliza watafiti 372 wa nchi 41 wanatumia muda gani kupanga miswada ilingane na matakwa ya majarida, ukiacha kuandika kwenyewe, na mtafiti wa kawaida miongoni mwao alikuwa akipoteza saa 52 kwa mwaka. Hao ni watu ambao wengi wao wana maktaba kamili na wasaidizi. Seuze mhadhiri wa huku kwetu, mwenye madarasa yaliyofurika na mitihani ya kusahihisha hadi usiku wa manane? Ni kweli kwamba zipo programu za kuifanya kazi hiyo, na ile ya Zotero, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha George Mason mwaka 2006, haitozwi hata senti; nami namsihi kila mwanafunzi ajifunze kuitumia katika wiki yake ya kwanza chuoni, asingoje mpaka tasnifu imemfika shingoni. Wapo pia wachapishaji wakubwa wa Ulaya waliokwisha kulegeza kamba, wakakubali muswada uje mara ya kwanza kwa mtindo wowote, mradi uwe mmoja na vyanzo viweze kupatikana, na kupanga kukaja baada ya makala kukubaliwa. Ajabu yake ni kwamba sisi tulioipokea kaida kutoka kwao tumeikaza wakati wao wanailegeza.

Nimesema kwamba kaida imeisahau sababu yake. Ushahidi ninao, na ni wa kuhuzunisha. Mwaka 2017 Profesa Anne-Wil Harzing alieleza habari ya rejeleo moja lililonukuliwa karibu mara 400 katika makala za kitaaluma, likiwa na majina matatu ya waandishi, likiongozwa na Van der Geer, na mwaka 2000, na jina la jarida, na kurasa zake, kila nukta mahali pake. Makala hayo hayapo, na jarida hilo halipo. Lilikuwa ni mfano tu, uliotungwa na mchapishaji ili kuwaonyesha waandishi namna ya kupanga marejeleo yao, nao wakaunakili pamoja na maelekezo, wakaupeleka, na wahariri waliokagua nukta na mikato wakaupitisha, kwa kuwa nukta na mikato yake ilikuwa sahihi. Hakuna aliyeuliza sanadi. Hakuna aliyenyanyuka kwenda kukitafuta kitabu.

Na hayo yalikuwa kabla ya balaa la sasa. Programu za akili unde, ambazo wanafunzi wetu wanazo ndani ya simu zao, humtungia mtu marejeleo kwa mtindo wowote autakao, yaliyopangika kuliko ya mwanadamu, na mengine ni ya kubuni tangu jina la mwandishi hadi nambari ya ukurasa. Mwezi wa Juni mwaka 2023 mahakama ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hukumu ambazo hazikupata kutolewa na hakimu yeyote, zilizotungwa na programu ya namna hiyo. Mhariri anayejifunga kukagua sura ya rejeleo peke yake amekwisha kushindwa na mashine hizi, kwa maana sura ndiyo kitu kimoja ambacho hazikosei. Iliyobaki mikononi mwetu ni kazi ile ya zamani, ya kufungua kitabu na kutazama.

Kazi hiyo ina matunda, na ziwa letu lina mfano wake. Mbuta, ambaye ndugu zetu wa Mwanza humwita sangara, si mwenyeji wa maji haya. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer alikuwa akiandika katika jarida la kilimo la Afrika ya Mashariki kuonya dhidi ya pendekezo la kumtia mbuta ziwani, na wengine wakimjibu, mjadala wa staha na hoja, wakati samaki mwenyewe alikuwa amekwisha kuonekana majini. Na katika vitabu vilivyofuata, tarehe ya kuingia kwake ikapokezanwa kutoka mwandishi hadi mwandishi, kila mmoja akimtaja wa kabla yake. Mwaka 2005 Robert Pringle alichapisha katika jarida la BioScience uchunguzi wa asili ya jambo hilo. Hakuridhika na kupokezana, bali alizifuata nyaraka na kauli za watu waliokuwapo, mpaka akafikia kwamba mbuta alikwisha kutiwa kwa siri upande wa Uganda mwaka 1954, na mmoja wa mashahidi wakuu alikuwa mtumishi wa idara ya samaki aliyetoboa, miaka mingi baadaye, kwamba alishiriki katika tendo hilo. Samaki aliyebadilisha maisha ya watu wa nchi tatu, na kuangamiza aina nyingi za samaki wadogo ambao majina yao tumeanza kuyasahau, habari ya kuingia kwake ilitegemea mtu mmoja kusema na mwingine kuandika ni nani aliyesema.

Nilikuwa nikiwaza hayo nikakumbuka mwaka 1999, wakati Umoja wa Ulaya ulipofunga mlango kwa samaki wa ziwa letu kwa hofu ya sumu za kuulia wadudu, na viwanda vya minofu vya Kisumu vikanyong'onyea. Mlango ulipofunguliwa, mambo hayakurudi yalivyokuwa. Samaki wa kwenda ng'ambo ilimpasa awe na karatasi zinazoonyesha ametokea ufuo gani na amepitia mikono ya nani, na kamati za kusimamia fuo, zilizowekewa kanuni zake nchini Kenya mwaka 2007, zikapewa daftari na mizani. Hivyo mbuta naye akapata sanadi yake. Wavuvi walilielewa jambo hilo upesi kuliko wasomi: anayenunua Ulaya hawezi kuja Dunga kutazama, kwa hiyo hana budi kuiamini karatasi, na karatasi hiyo ikisema uongo, soko lote limeharibika, si la mwongo peke yake.

Lipo jambo la majina, nalo linaniuma zaidi kwa kuwa linahusu heshima za watu. Kaida tulizozipokea zinadai kila mtu awe na jina la ukoo, liandikwe mbele, na mengine yafupishwe kuwa herufi; na watu wetu hawakupewa majina kwa mpango huo. Mwandishi wetu mkuu, Shaaban Robert, katika orodha moja utamkuta chini ya R, katika nyingine chini ya S, na mwanafunzi asiyelijua hilo atadhani ni waandishi wawili. Mwana Kupona binti Msham hana ukoo wa kizungu, na anayemfupisha akaandika "Msham, M." amemgeuza binti kuwa baba yake. Mwanahistoria wa Siaya, E. S. Atieno Odhiambo, aliyeandika pamoja na David William Cohen kile kitabu cha mwaka 1989 kuhusu Siaya, wengine humtaja Odhiambo na wengine Atieno Odhiambo, na mashine zinazohesabu manukuu humhesabu kama watu mbalimbali, kila mmoja akipata sehemu ya haki ya mtu mmoja. Hata Jaramogi, ambaye chuo kikuu cha Bondo kinaitwa kwa jina lake, katika orodha za vitabu yeye ni "Odinga, O.", jina la babake limetangulia na lake mwenyewe limebaki kiduara. Dawa yake haina ugumu: liandikwe jina kamili, kama mwenyewe alivyoliandika juu ya jalada la kitabu chake. Wino wa herufi chache za ziada hautatufilisi.

Na sasa nimrudie mzee wa Mbita. Kaida ile aliyotumiwa binti huyaita mazungumzo na mtu mawasiliano binafsi, na kwa kuwa msomaji hawezi kuyapata tena, hutajwa ndani ya maandishi tu, hayaingii katika orodha. Na mtu akiwa ni mshiriki wa utafiti, hata jina hilo hupotea, akawa ni herufi na nambari. Najua sababu zake. Kamati za maadili ya utafiti zinatufunza kuwasitiri watu, na ni sawa kumsitiri mgonjwa anayesimulia maradhi yake, au mvuvi anayekiri kwamba wavu wake una matundu madogo kuliko yaliyoruhusiwa na sheria. Huyo kumtaja ni kumsaliti. Lakini mzee anayemfundisha mwanafunzi namna ya kujua upepo, kwa ilimu aliyoipokea kwa babake na babake akaipokea kwa babu, hajakiri kosa lolote. Amefundisha, na mwalimu husitiriwa kwa sababu gani? Akiulizwa kama anapenda ajulikane akasema anapenda, basi kulificha jina lake ni kuichukua mali yake na kuiandika kwa jina la mwingine.

Tena sisi wa nchi hii ndio tungetangulia kuliona. Mwaka 1938 Paul Mboya aliziandika kwa Kiluo mila na desturi za watu wake. Mwaka 1953 Shadrack Malo akaziandika koo za Nyanza ya Kati. Na mwaka 1967, zama ambazo bado wapo katika vyuo vya Ulaya waliodai kwamba pasipo maandishi hapana historia, Ogot akatoa kitabu chake cha historia ya Waluo wa kusini, akitegemea mapokeo ya wazee, akayapima kama mwanahistoria anavyozipima nyaraka. Jan Vansina, kwa upande wa Kongo na Rwanda, alikuwa ameieleza njia hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1961. Kazi hizo zilishinda. Zikaifungulia Afrika mlango wa kuwa na historia. Inakuwaje basi, baada ya ushindi huo, wajukuu wa wale wazee waambiwe kwamba neno la mdomo halina nafasi katika orodha? Huko Kanada, mkutubi Lorisia MacLeod alitunga vielelezo vya kuwaweka wazee wa mataifa ya asili katika orodha ya marejeleo, kwa jina, na taifa lao, na mahali wanapoishi, na maudhui ya mafunzo yao, na tarehe, akavieleza katika makala ya mwaka 2021. Na vipo vyuo vilivyovipokea. Sikuona popote kwamba taaluma ya nchi hiyo imeporomoka kwa sababu hiyo.

Ninawaomba wahariri wa majarida yetu, wa Maseno na wa Bondo na wa Eldoret na wa Nairobi, na wenzao wa Dar es Salaam na Kampala, wakutane, kama walivyokutana wale wachache kule Vancouver, wakubaliane juu ya mtindo mmoja mwepesi unaoweza kuelezwa kwa karatasi mbili, wenye jina kamili la mwandishi, na mwaka, na anwani ya kazi, na mahali ilipochapishiwa, na nafasi ya wazi ya mwalimu wa mdomo. Muswada wa kwanza usirudishwe kwa sababu ya nukta. Saa zitakazookolewa wapewe wasaidizi wa wahariri wachague marejeleo matano ya kila makala, bila ya kumwambia mwandishi ni yapi, wayafuate mpaka mwisho wake, waone kama kitabu kipo, kama ukurasa upo, na kama kweli unasema kile ulichosingiziwa kusema. Na likipatikana moja la kubuni, hapo muswada urudishwe, na barua iwe kali kadiri mhariri atakavyo.

Yule binti aliondoka kwangu jioni ile na karatasi zake, akanibusu mkono kwa ada ya watoto niliowafundisha, na baada ya wiki tatu akanipigia simu. Alikuwa amezirekebisha nukta zote, na herufi za mlazo, na mabano, akalipelekea jarida jingine. Kabla ya kupeleka alivuka kwa feri mpaka Mbita, akamsomea mzee kile alichoandika, kwa Kiluo, tangu mwanzo hadi mwisho, na mzee akamsahihisha mahali pawili, akamwuliza kama jina lake limo. Limo. Katika orodha liko baada ya Graham na kabla ya Ogot, pamoja na ufuo wake na tarehe ya usiku waliozungumza, na binti ameandika barua kwa mhariri kueleza kwa nini hataliondoa. Jawabu bado halijarudi.